Nyani Aliyeshuka Mwambani

Paukwa!

— Pakawa!

Mbona mnajibu kama wenye usingizi? Wakubwa nao wajibu, si watoto peke yao. Paukwa!

— Pakawa!

Haya, sogeeni. Ngano hii ina ukungu ndani yake. Anayeogopa amshike mwenzake.

Hapo kale, siku ambazo wanyama walikuwa na baraza lao na sheria zao, palikuwa na bonde. Bonde zuri. Majani yapo, mto upo, vivuli vipo. Lakini lilikuwa na ukungu. Ukungu wa asubuhi, mzito, mweupe, unashuka kutoka milimani polepole, fuu, fuu, fuu, mpaka mwenye pembe hazioni pembe zake.

Katikati ya bonde palikuwa na mwamba mrefu, na juu ya mwamba alikaa mkuu wa wanyama wote. Aliitwa Mkuu wa Mwamba. Kazi yake ilikuwa moja tu: kulinda. Akimwona Chui anakuja, apige kelele, "Wahuu! Wahuu!" Wanyama wakimbie. Kwa kazi hiyo walimpa usinga wa kushika mkononi. Walimpa tunda la kwanza la kila mti. Akipita, wanamwinamia.

Enzi hizo Mkuu wa Mwamba alikuwa Nyani. Nyani dume, mabega mapana, macho makali. Akikaa mwambani anamwona panzi akiruka ng'ambo ya mto. Na ukungu ukishuka, macho yasipoona kitu, pua yake inamnusa Chui kabla Chui hajafika mtoni. Ndiyo maana walimchagua.

Kisha watoto wakaanza kupotea.

Walipotea asubuhi za ukungu. Hakuna kelele, hakuna kilio, hakuna damu. Mtoto wa Swala, hayupo. Mtoto wa Nyumbu, hayupo. Na juu ya mwamba, kimya.

Karibu na mto, penye vichaka, aliishi Bi Pongo na bintiye. Binti aliitwa Kidoti, kwa ajili ya madoa meupe mgongoni. Ukwato wake mmoja wa nyuma ulikuwa umepasuka tangu kuzaliwa, kwa hiyo akitembea anauburuta kidogo. Ti, ti, ti, shwaa. Ti, ti, ti, shwaa. Mama yake hakuhitaji kumtazama. Akisikia hivyo, anajua mtoto yupo.

Asubuhi moja ukungu ulishuka. Bi Pongo alikuwa anakula majani, hamwoni mwanawe, lakini anamsikia. Ti, ti, ti, shwaa.

"Kidoti, usiende mbali."

"Naam, mama."

Ti, ti, ti, shwaa.

Ti, ti, ti...

Bi Pongo akainua kichwa. Akaacha kutafuna. Akangoja ile shwaa.

Haikuja.

"Kidoti?"

Ukungu ukapita usoni pake. Hakuna aliyeitika.

Ukungu ulipoinuka alifuata nyayo kwenye umande. Nyayo ndogo, mstari mmoja, zikaenda mpaka katikati ya majani, mahali peupe pasipo kichaka wala jiwe. Zikaishia hapo. Mbele yake umande haukuguswa.

Alikwenda mwambani mbio. "Mkuu! Mkuu! Hukuona kitu? Hukunusa kitu?"

Nyani akapunga usinga wake, fyu, fyu. "Ukungu, dada yangu. Ukungu ulikuwa mzito. Pole sana."

Bi Pongo akarudi kichakani. Siku zile hakula. Anasimama tu, masikio juu, anasikiliza.

Jirani yake alikuwa Ngiri, mwenye kuamka mapema kuchimba mizizi. Siku moja akamjia, akasema, "Bi Pongo, nina neno, na neno lenyewe baya."

"Sema."

"Asubuhi aliyopotea Kidoti, watoto wa nyani walikuwa wapi?"

"Nitajuaje mimi?"

"Walikuwa juu ya miti. Wote. Hakuna aliyeshuka hata kuokota tunda. Alipopotea mtoto wa Swala, juu ya miti. Alipopotea mtoto wa Nyumbu, juu ya miti. Asubuhi nyingine zote, ukungu uwepo usiwepo, wanacheza chini. Mimi nachimba pale, nawaona. Wananitupia kokwa."

Bi Pongo akamsogelea. "Walijuaje?"

"Waliambiwa," alisema Ngiri. "Na wa kuwaambia ni mmoja."

Walikwenda kwa Kongoni. Kongoni, mwenye uso mrefu, ndiye aliyekuwa mzee wa baraza na mtunza sheria. Hakuwa mnyama mbaya. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaitaja sheria kama alivyoipokea kwa baba yake: "Mkuu wa Mwamba akikosa, baraza limhukumu. Akionekana ana hatia, ashuke mwambani, wala asipande tena maisha yake yote." Akapiga kwato chini, du! du! Baraza likaitwa.

Wanyama walikusanyika chini ya mwamba. Kabla Kongoni hajafungua kinywa, Nyani akaanza kushuka. Taratibu, mkono baada ya mkono, mpaka chini. Akauweka usinga kwenye majani.

"Wenzangu, nimechoka," alisema. "Mwamba nimeuacha. Kuanzia leo mimi ni nyani tu kama nyani wengine." Akamgeukia Kongoni. "Mzee wa sheria, baraza hili limeitwa kumhukumu nani?"

"Mkuu wa Mwamba," alijibu Kongoni.

"Yuko wapi?"

Wanyama wote wakatazama juu. Mwamba ulikuwa mtupu.

"Basi," alisema Nyani. Akaondoka zake, mkia juu.

"Mzee!" Bi Pongo alilia. "Anakwenda!"

Kongoni akatazama chini. "Bi Pongo, sheria inamtaja Mkuu wa Mwamba. Huyu si Mkuu tena. Sheria imenifunga mikono. Baraza limevunjika."

Wanyama wakatawanyika. Wengine hata walifurahi. Walisema, si ameshuka? Tulitaka nini zaidi?

Mnanisikia nyie?

— Tunakusikia!

Basi sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nami mwili hunisisimka.

Nyani alihamia kwenye mkwaju, pembeni mwa bonde. Ukungu wa kwanza uliposhuka, alikuwa amejikunja kwenye tawi. Akasikia chini yake:

Ti, ti, ti, shwaa.

"Nani?" aliuliza.

Kimya. Kisha, upande wa pili wa shina: Ti, ti, ti, shwaa.

Akanusa. Alikuwa na pua ile ile iliyomnusa Chui toka mbali. Hakunusa mnyama. Alinusa majani mabichi, alinusa maji, basi. Na nyayo zinazunguka. Zinazunguka. Ukungu ulipoinuka akachungulia. Kwenye umande palikuwa na nyayo ndogo, zimeuzunguka mkwaju pande zote, na moja ya nyuma imeburutwa. Hazikutoka popote. Hazikwenda popote. Nyani akashuka, akazifuta kwa viganja, haraka haraka, huku akitazama nyuma.

Ukungu mwingine, zikaja tena. Akahama mkwaju, akaenda mgunga. Zikaja kwenye mgunga. Akalala katikati ya jamaa zake, wake na watoto wamembana kila upande. Wao hawakusikia kitu. Yeye alisikia. Ti, ti, ti, shwaa. Manyoya yakaanza kumtoka mabegani. Akifikiwa na mtu kwa nyuma anaruka.

Akafikiri sana, akasema moyoni: juu ya mwamba kwato hazipandi. Kule nitalala.

Akaanza kutuma maneno. "Mwamba uko mtupu, wenzangu. Nani atawalinda? Mkiniita, nitapanda." Na wanyama, kwa kuwa walikuwa wanaogopa, wakaanza kuitikia. "Kweli, bora Nyani. Alau ana sauti. Alau tunamjua."

Bi Pongo aliposikia hayo hakwenda kulia kwa jirani. Alikwenda moja kwa moja kwa Kongoni.

"Mzee, liite baraza."

"Bi Pongo, nilikwisha kukuambia. Nyani si Mkuu."

"Na mwanangu hayupo," alisema Bi Pongo. "Sina mtoto wa kunyonyesha, sina wa kumwita aje. Je, mimi si mama yake?"

Kongoni akarudi nyuma hatua moja.

Ngiri, aliyekuwa amemsindikiza, akasogea. "Mzee wangu, sheria ina maneno mawili. Ashuke. Asipande tena. La kwanza kajifanyia mwenyewe. La pili nani amelifanya? Leo anawaomba wampandishe, na wewe umekaa."

Kongoni alitazama mbali, kwenye mwamba. "Alikosa akiwa Mkuu," alisema mwisho, polepole, kama anayejisemea. "Kosa ni la Mkuu, hata kama mwenyewe ameshuka. Mimi ndiye niliyeisikia nusu ya sheria." Akapiga kwato, du! du! du!

Baraza likakusanyika tena chini ya mwamba, asubuhi kweupe. Nyani akaletwa. Alikuwa amekonda, lakini kifua mbele.

"Mtanivua nini?" aliuliza. "Usinga niliuweka chini, nanyi wenyewe mkiona. Mwamba niliuacha. Mimi si Mkuu!"

Wanyama wakaanza kunong'onezana. Wengine wakatikisa vichwa: asemalo si kweli?

Hapo ukungu ukashuka.

Haikuwa saa yake. Jua lilikuwa limekwisha toka. Ulishuka kutoka milimani, fuu, fuu, fuu, ukawafunika Nyumbu, ukawafunika Swala, ukamfunika Kongoni na uso wake mrefu. Kila mnyama akabaki peke yake na pumzi yake.

Ti, ti, ti, shwaa.

Safari hii walisikia wote.

Ti, ti, ti, shwaa. Majani yalilala, yakainuka. Kitu kilipita katikati yao, kidogo, kwenye usawa wa magoti, na kila kilipopita baridi iliwapanda miguuni. Bi Pongo alisikia kikimpita ubavuni. Hakupiga kelele. Alinyoosha shingo tu, akagusa hewa kwa pua.

Kikaenda mpaka mbele ya Nyani. Kikasimama.

"Ondoka!" Nyani alipiga kelele. "Nimeshashuka! Nimeshashuka mwambani! Mimi si Mkuu tena, unataka nini kwangu?"

Ti. Kikasogea.

"Nilinyamaza tu! Sikumgusa mtoto wa mtu, nilinyamaza!" Nyani akaanguka chini, mikono kichwani. "Chui alikuja chini ya mwamba. Akaniambia, wewe nyamaza asubuhi za ukungu, nami sitagusa mtoto wa nyani aliye juu ya mti. Ningefanyaje? Nina watoto!"

"Nami nilikuwa na mtoto," ilisema sauti ya Bi Pongo ndani ya ukungu. "Yuko wapi?"

Nyani akalia kama mtoto mchanga. "Korongoni. Kwenye mkuyu ulioinama. Chui huwanyakua ukunguni kwa mruko mmoja, akawapandisha pale."

Ukungu ukainuka. Mbele ya Nyani palikuwa na majani yaliyolala, na umande uliokanyagwa.

Kongoni akasimama. Sauti yake ilifika kwa kila mnyama. "Mmesikia wenyewe. Anayesema Nyani ana hatia, aje upande huu. Anayesema kuondoka kwake kumetosha, abaki alipo."

Swala akavuka. Nyumbu akavuka. Pundamilia wakavuka, kwato zikilia. Hata mke mkubwa wa Nyani, mtoto mgongoni, alisimama, akamtazama mumewe, akavuka. Hakuna aliyebaki alipo isipokuwa Nyani.

"Nyani," alisema Kongoni, "ulikosa ukiwa Mkuu wa Mwamba, na kama Mkuu wa Mwamba unahukumiwa. Hutapanda tena maisha yako yote. Hutaombwa, wala hutaomba. Sheria hii imesemwa leo, nami nasema iwafikie na wale watakaopanda baada yako."

Hawakumpiga. Hawakumfukuza. Akaachwa aishi bondeni, ale matunda ya chini pamoja na wengine. Akipita, hakuna aliyemwinamia. Mwambani waliwekwa tumbili kwa zamu, wa koo mbalimbali, ili asiwepo mmoja wa kununuliwa peke yake.

Siku ile ile wanyama wote walikwenda korongoni, kundi zima, pembe mbele. Chui alipowaona wengi vile alishuka kwenye mkuyu akaingia mapangoni, asigeuke nyuma. Kwenye panda ya mkuyu palikuwa na ngozi ndogo ndogo, zimekauka. Moja ilikuwa na madoa meupe mgongoni.

Nyani mmoja kijana alipanda, akaiteremsha kwa mikono miwili. Hakumtazama Bi Pongo usoni. Ngiri akachimba shimo kwa meno yake, akalichimba refu kuliko ilivyohitajika, na hakuna aliyemwambia yatosha. Wakawafukia watoto wote, mmoja mmoja, kila mama akitaja jina.

Walipomaliza, jua lilikuwa limesimama juu ya korongo. Bi Pongo alikaa kidogo pale penye udongo mbichi. Kisha akainamisha kichwa, akang'ata majani, akaanza kutafuna. Ngiri alimwona, akageuka upande mwingine, akafuta macho.

Basi jueni hivi, wadogo kwa wakubwa. Aliyepewa madaraka akayatumia vibaya, kuyaacha hakumwondolei kosa. Anaweza kuitwa, anaweza kuulizwa, anaweza kuhukumiwa, hata kama leo amekaa chini pamoja nasi. Nanyi mkiwekwa kuhukumu, msiulize anakaa wapi sasa. Ulizeni alifanya nini alipokuwa amekaa kule juu, na nani aliumia.

Mimi ngano yangu inakomea hapo, sina neno la kuongeza. Amkeni, mwende mkalale.