Jina la Kuandikwa kwenye Bendera ya Ramune

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya Julai, saa nne asubuhi, jua kali na hewa imetulia tuli, katika mji mmoja wa bandari nchini Japani. Tegeni masikio, kwa maana hukumu ni yenu.

Palikuwa na watu watatu waliotengeneza ramune, soda ya limau ambayo Wajapani waliipokea kutoka kwa wageni wa ng'ambo, wakaifanya kinywaji chao cha kiangazi.

Tatsuzo alipuliza chupa. Aliibana shingo ya kioo kwa namna ambayo gololi ya kioo, kizibo cha soda hiyo, ilicheza ndani bila kutoka.

Umeko, mjane, alichanganya limau, sukari na gesi. Bila ulimi wake, chupa zingebeba maji matupu.

Heikichi alijaza. Kila chupa aliipindua ghafla, gololi ikaangukia mdomoni, gesi ikaisukuma, ikaziba. Bila mkono wake, soda ingeishiwa gesi kabla ya kufika sokoni.

Siku hiyo kuhani wa hekalu alikuwa akichagua soda ya tamasha. Mshindi angeandikwa jina kwenye bendera ya lango, na wateja wa kiangazi kizima wangemfuata. Heikichi alitangulia kufika hekaluni na chupa yao. Alipoulizwa soda ni ya nani, alijibu, "Ni yangu, mheshimiwa." Wenzake walikuwa wameshaingia nyuma yake. Walisikia.

Ili kuifungua chupa, Heikichi akaisukuma gololi ndani, lakini kwa kiherehere akaondoa kiganja upesi badala ya kukandamiza hadi gesi itulie. Povu likaruka, likaloanisha joho la kuhani.

"Uniwie radhi," Umeko akasema, akiinama. "Gesi niliizidisha mimi."

Tatsuzo naye akainama. "Na shingo niliibana mno. Mama huyu asilaumiwe peke yake."

Uso wa Heikichi uliwaka. Alijua gesi ilikuwa sawa, na shingo pia. Akapiga magoti.

"Mkono wangu ndio uliokosea, mheshimiwa. Na soda si yangu peke yangu."

Kuhani alionja iliyobaki. "Joho langu limekunywa kuliko mimi," akasema, kisha akaamuru ramune hiyo ndiyo iuzwe langoni, na Heikichi ataje jina la kuandikwa.

Mwandishi wa hekalu alichovya brashi kwenye wino. Heikichi hakuthubutu kuinua macho. Wawili walibeba kosa lisilo lao. Mmoja alikiri lake, ingawa kwa kuchelewa.

Je, nyinyi mngetaja jina la nani? Lakini kitambaa kimeshapimwa, na nafasi iliyopo ni ya jina moja.