Mahudhurio ya Kunguruma

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na majumba yao na wakubwa wao wa kazi, Bonde la Chini lilikuwa na tuta moja tu la kuzuia mto. Ndani ya tuta hilo Bi Nguchiro alikuwa na chumba chake, yeye na watoto wanne.

Mkuu wa bonde, Simba, alikuwa na utaratibu wake. Kila asubuhi mafundi wa tuta waliitikia mahudhurio kwa kunguruma. Usiponguruma, hupo!

Mhanga, mchimbaji hodari, aliweza "fyuu!" tu. Akafukuzwa. Mnana, msukaji wa majani ya kushikilia udongo, akasema "chwi!" Naye akafukuzwa, wote wawili wakahamia ng'ambo ya kilima. Wakabaki wapwa wawili wa Simba, mabingwa wa kunguruma, wasiojua hata tope linabebwaje. Na Bi Nguchiro, mkaguzi wa nyufa, ambaye kila asubuhi alingurumia ndani ya mtungi ili sauti yake ndogo ivume.

Siku moja mawingu yakatanda kilimani. Bi Nguchiro akagusa ukuta wa chumba chake. Umelowa!

Mbio kwa Simba. Simba akacheka.

"Mama wee, hofu ya nini? Wapwa zangu si wapo?"

"Wapo, Mtukufu. Ila tuta linanguruma."

"Bila ruhusa yangu?"

"Njoo uliite mahudhurio."

Simba akaja, kifua mbele, wapwa nyuma. Bi Nguchiro akaingia shimoni mwake, eti kuchungulia. Watoto walikuwa wamejibanza kwenye kona, macho yamewatoka. Akatia mdomo kwenye mtungi. Tone la maji likamdondokea shingoni, ti! Jingine, ti! Miguu ikataka kukimbia. Akavuta pumzi.

NGUUURRRUUU!

Udongo ukamwagika miguuni pa Simba, poroporo!

"Na-nani huyo?"

Bi Nguchiro akatoka akitetemeka, wala hakuwa anaigiza. "Ni mto, Mtukufu. Umeitikia."

"Nyie wawili, zibeni!"

Wapwa walikuwa wameshatimua mbio, wakinguruma vizuri sana.

"Nani anajua kuziba?" Sauti ya Simba ilikuwa imekauka.

"Mhanga na Mnana. Lakini wana maisha yao huko sasa. Hawarudi kwa amri."

"Wanataka nini?"

"Kila mtu aitikie kwa sauti yake. Na wawafundishe vijana wa koo zote, si wapwa peke yao."

"Nimekubali! Kawaite!"

"Tangaza mwenyewe, Mtukufu. Kwa sauti yako hiyo nzuri."

Simba akatangaza hadi ng'ambo ya kilima kukasikika.

Mafundi wakaja, wakachimba, wakasuka, vijana wa kila ukoo wakishika majembe pembeni yao. Siku ya nne mvua ikashuka, ikapiga siku mbili mfululizo. Bi Nguchiro hakuondoa mkono ukutani, mto ukiguna upande wa pili. Ukuta ukabaki mkavu.

Asubuhi iliyofuata Simba akaita mahudhurio.

"Fyuu!"

"Chwi!"

Bi Nguchiro akauweka mtungi chini, akaitikia: "Tsi!"

Simba akautazama mtungi. Akamtazama Bi Nguchiro.

"Yupo," akasema.

Basi jueni, wanangu: fundi hupimwa kwa kazi yake, na ukimdharau ataondoka na ujuzi wake, wewe ubaki na makelele.