Ya Silinda au ya Magazini

Wapendwa, mfikirieni mama mmoja mwenye duka la unga. Kila jioni alifunga duka, akajitwisha beseni lake, akavuka korongo peke yake kurudi nyumbani. Siku moja vijana wawili wakampora mkoba humo korongoni. Alifika kwake na kiatu kimoja.

Mumewe alikasirika kwelikweli. "Hawakugusi tena," akasema. "Naomba kibali, nanunua bastola, nitatembea nayo kila siku."

Mama akashukuru. Alijua kesho yake atamwona mumewe dukani saa ya kufunga. Kumbe kwanza lilikuwepo swali: bastola gani?

Mume alitaka ya silinda, ile ya risasi sita. Kaka wa mama alishikilia ya magazini, ile yenye kasha la risasi mpinini. Kila jioni wakakaa barazani na chupa ya chai.

"Ya silinda haikwami, shemeji. Ukivuta, inalia."

"Risasi sita? Wakija saba, yule wa mwisho utamwomba arudi kesho?"

"Na hiyo yako ikikwama, nitawaomba wote?"

"Ya kwako ina tumbo. Ukiichomeka kiunoni watu watasema una ngiri."

Mume akachomeka gunzi kwenye mkanda, aonyeshe atakavyolichomoa haraka. Suruali ikashuka. Mama alikuwa ndiyo kwanza anaingia kutoka korongoni, beseni kichwani. Wakasogeza miguu apite.

"Dada, wewe unaonaje?" kaka akauliza.

"Naona hakuna aliyeinjika maharage."

Jioni moja wale vijana wakarudi. Mama akapiga yowe hadi muuza chapati wa ng'ambo ya korongo akatoka na kifimbo cha kusukumia, na wenzake nyuma yake. Vijana wakatimua mbio. Mama akafika nyumbani anachechemea, kanga imejaa matope. Wanaume wakasimama.

"Pole sana, mke wangu," mume akasema. Akamwekea kiti, akachuchumaa mbele yake. "Sasa utuamulie, maana wewe ndiye uliyekuwa pale. Ungependa niwe na ipi? Ya silinda au ya magazini?"

Mama akapangusa matope kwenye kanga.

"Ningependa uwepo," akasema.

Mnacheka, kina baba? Na sisi kina mama tusicheke sana. Nani kati yetu hana baraza lake? Mtoto anarudi shule analia, sisi tunabishana kama tumpeleke ya bweni au ya kutwa. Nani amemuuliza anacholilia? Mgonjwa wetu yuko wodini, kamati inakutana mara ya pili kuamua apelekewe matunda au uji. Nani ameshaenda kumwona? Tunapenda kulindana, ndiyo, ila tunapenda kulindana tukiwa tumekaa.

Jioni hii kuna mtu wako anavuka mahali peke yake, na unamjua. Basi ibada ikiisha, msisimame mlangoni kuniambia mahubiri yalikuwa mazuri. Nendeni mkampokee.