Kiti cha Profesa Nakijwa

Hapo zamani, na si zamani sana, maana shati nililovaa siku ile ninalo mpaka leo, palikuwa na chuo juu ya kilima, na chuoni palikuwa na mwalimu wa kompyuta, Profesa Nakijwa. Mimi Chande ndiye niliyempikia chai. Shule yangu ni darasa la saba, na la saba lenyewe nililionea dirishani. Lakini hakuna profesa wa kilima kile ambaye hakunywa kwa mkono wangu, kwa hiyo nisikilizeni.

Profesa Nakijwa alianza kazi wakati kompyuta ni kubwa kama kabati la bibi harusi, inalishwa kadi zenye matundu. Akafundisha miaka thelathini na mmoja. Wanaoongoza ndege angani, wanaopima mvua, wanaopeleka umeme mikoani, waulizeni: wote walipita kwake. Na wote walipita mbele ya kiti.

Kiti kilikuwa cha mninga, kimewekwa sponji, mguu mmoja mfupi, umewekewa kadi zile za zamani usiyumbe. Desturi yake ilikuwa hii: hugusi kompyuta kabla hujaandika programu yako kwa mkono, ukamsomea kwa sauti, mstari kwa mstari. Yeye amekaa, amefumba macho. Mstari ukiwa mzima, kimya. Mstari ukiwa na kosa, anakohoa. Mara moja tu, kikohozi kikavu, kama punje ya mahindi iliyodondokea kwenye debe tupu. Kosa ni lipi? Hasemi.

"Nikikwambia," alikuwa akisema, "nitakuwa nimelipata mimi."

Akaugua kifua, akafa. Tukamzika kwao Usangi, na jembe nililishika mimi kuliko wanaukoo.

Mkuu wa idara, Dokta Rweyongeza, akatangaza kwamba mmoja wa wanafunzi watatu wa mwisho wa marehemu atarithi darasa lake na kiti chake. Mmoja tu. Watatu hao walikuwa Mwamtumu, Lugano na Masunga. Walikuwa wakila sahani moja. Tangu tangazo lile, kila mtu akala kwake.

Kabla Dokta hajachagua, chuo kikaamuru samani zote chakavu zipelekwe mnadani. Gari likaja, likabeba meza, likabeba makabati. Kiti hawakukiona. Nilikuwa nimekificha stoo ya chai, nimekifunika magunia. Kwa nini? Sijui. Nilipokishika nikibebe, kilikuwa na joto, kama kilichoinukiwa sasa hivi.

Sasa, wale watatu walikuwa na kazi waliyoianza na Profesa: programu ya kukadiria kiasi cha dawa kwa uzito wa mtoto, katika wodi ya watoto. Manesi wangeanza kuitumia Jumatatu. Ijumaa, saa nane mchana, jua la kuchoma, nikaingia maabara na birika nikawakuta wamemaliza.

"Hatujaisoma," Mwamtumu akasema.

Masunga akacheka. "Tumsomee nani? Aliyeko Usangi?"

"Aliyekufa ni yeye, desturi haijafa," Mwamtumu akajibu. "Mjomba Chande, kiti cha Profesa unajua kilipo?"

"Mimi nisijue?" nikamwambia. Nikakileta.

Mwamtumu akasimama mbele ya kiti kitupu, akasoma. Mstari wa kwanza, kimya. Mstari wa kumi, kimya. Mstari wa mia, kimya. Nikaona feni imesimama, na umeme upo. Nikaona sponji ya kiti inabonyea polepole, kama mtu mzima anayejishusha akiwa na maumivu ya magoti. Nikasema moyoni, Chande, ni joto hilo.

Mwamtumu akafika mstari wa mia mbili na kumi na saba. Kitu kikalia. Mimi nilidhani ni mguu wa kiti. Masunga alidhani ni mimi. Mwamtumu hakusikia chochote, akaendelea. Lakini Lugano, aliyemuuguza Profesa siku arobaini na kujua kikohozi chake cha asubuhi na cha jioni, akawa rangi ya majivu.

"Rudia mstari huo," akasema.

Mwamtumu akaurudia. Kiti kikakohoa.

Chai ilinimwagikia mguuni, nisijue kama ni ya moto.

"Mbao hulia kwa jua," Masunga akasema, lakini sauti yake ilikuwa nyembamba. Akauchukua mstari ule, akaukalia Ijumaa, akaukalia Jumamosi, hali chochote ila ugali niliompelekea. Jumapili asubuhi akalipata kosa. Mtoto ambaye uzito wake haujaandikwa, programu ilimpa uzito wa mtoto aliyemtangulia. Kichanga cha kilo tatu kingepewa dawa ya mtoto wa miaka kumi.

Akarekebisha. Na Jumatatu saa mbili mizani ya wodini ilikuwa imeharibika. Mtoto wa pili kuingizwa kwenye kompyuta alikuwa kichanga ambaye hakupimwa. Programu ikakataa kumpa dawa mpaka apimwe. Yule kichanga yu hai. Sasa anapanda miti.

Jumanne tukaitwa kwa Dokta, kiti kimewekwa katikati.

Mwamtumu akasema, "Nisingesoma, kisingekohoa. Masunga alicheka, mimi nikasoma. Darasa ni langu."

Lugano akasema, "Ungesoma mpaka mwisho ukakunja karatasi zako, dada. Mimi ndiye niliyesikia. Darasa ni langu."

Masunga akasema, "Mmoja alisoma asichokijua, mmoja akasikia asichokielewa. Mngebaki na kikohozi chenu. Kosa nililipata mimi, bila kuamini mizimu. Darasa ni langu."

"Naomba na mimi niseme," nikasema.

"Mjomba, wewe unataka kufundisha kompyuta?" Lugano akauliza.

"Nataka haki. Bila stoo yangu, hapo mngeusomea ukuta."

Dokta Rweyongeza akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Kisha akafanya jambo ambalo mtu mwenye shahada tatu hapaswi kulifanya mchana kweupe. Akaandika majina kwenye karatasi, akasimama mbele ya kiti, akasoma.

"Mwamtumu."

Kiti kikakohoa.

"Lugano."

Kiti kikakohoa.

"Masunga."

Kiti kikakohoa.

Hakuna aliyemtazama mwenzake. Dokta akanigeukia mimi, jasho linamtiririka shingoni. "Na wewe, Chande, nikusome?"

"Hapana, Dokta. Nina birika jikoni."

Nikatoka mbio. Basi jueni, katika wote waliodai, ni mimi peke yangu ambaye sijakoholewa.

Jioni Dokta akaniambia nikipeleke kiti mbali na chuo. Nikaja nacho huku. Ni hicho hapo karibu na mlango, ambacho nyote mmekiona na hakuna aliyekikalia, ingawa wengine mmesimama tangu nianze. Darasa la Profesa Nakijwa bado halina mwalimu. Dokta ananipigia simu kila wiki, ananiuliza watu wa kwetu wanasemaje. Kwa hiyo semeni. Yupo aliyesoma, yupo aliyesikia, yupo aliyelipata kosa, nipo na mimi niliyekificha. Mtu akitaja jina, alitaje taratibu, kisha sote tunyamaze kidogo.

Je, nani alistahili?