Msiba wa Mjomba wa Fisi

Hapo zamani za kale, wanangu, kabla mimi sijaota mvi na kabla ninyi hamjaanza kelele zenu, wanyama walichoka na Mfalme Simba aliyejitwalia mto peke yake. Wakaasi. Waume wakawa mgambo, wakapanda mlimani kupigana. Wake na watoto wakabaki bondeni.

Na chakula? Kila mwenye shamba alitoa mtama na karanga, nusu ya wapiganaji, nusu ya jamaa zao. Vyote vikawekwa kwa Fisi. Msicheke! Walimchagua kwa sababu hakuna mwizi angethubutu kumsogelea. Kumbe!

Bondeni aliishi Bi Digidigi na watoto wake. Digidigi huenda wawili wawili. Ukimwona mmoja, mwenzake yupo karibu. Sasa yeye alikuwa mmoja. Akipika, husema neno, hugeuka kungoja jibu, hakuna wa kumjibu. Upweke ulimuuma kuliko njaa, na njaa yenyewe haikuwa ndogo.

Kila alipokwenda ghalani, Fisi alimwambia, "Aa, Bi Digidigi! Chakula chote nimepeleka mlimani. Au unataka mumeo apigane na njaa?"

"La, baba. Bora ale yeye."

Basi hurudi na kikapu kitupu, akawachemshia watoto majani machungu.

Siku moja Kobe akashuka kutoka vitani, gamba limepasuka.

"Hodi!"

"Karibu, shemeji! Mume wangu hajambo?"

"Hajambo, ila amekonda. Anakusalimu sana. Anasema hata akilala na njaa, anafurahi kwamba ninyi mnashiba."

"Sisi? Tunashiba?"

"Si Fisi ametuambia? Chakula chote amewaachia wake na watoto."

Bi Digidigi akaketi chini, pu! Akalia. Mumewe alivumilia njaa kwa ajili yao, nao walivumilia kwa ajili yake, kila mmoja peke yake. Kisha akafuta machozi, akaenda kwa Fisi mbio, ti-ti-ti-ti!

Akamkuta amelala chali, anacheua, grooo!

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Hakuna chakula."

"Sikuja kuomba. Nimekuja kukupa pole. Tangu vita vianze hujapata msiba hata mmoja?"

"Sijapata, nashukuru."

"Maskini! Wenzako wakifiwa wanaletewa rambirambi. Bi Swala alijaziwa viazi na asali uwanja mzima."

Masikio ya Fisi yakasimama wima. "Asali? Mimi nina mjomba mmoja ng'ambo ya mto..."

"Amekufa?"

"Anaweza kufa."

Halafu Fisi akakuna kichwa. Desturi ya nchi ile ilikuwa hivi: penye msiba, mfiwa hukaa mkekani tu. Jiko na ghala ni vya watani wake. Wao hufungua, hupika, hugawa, tena kwa kejeli, na mfiwa hana ruhusa ya kukasirika.

"Na watani wangu, ukoo wa Nyani?"

"Kwani Nyani wako wapi, baba?"

"Wako mlimani, wanapigana. Ha! Basi mjomba amekufa!"

Waliobaki nyumbani, Fisi hakuwahi kuwahesabu kuwa ni watu.

Asubuhi akatandika mkeka. "Uwiii! Mjomba wangu weee!" Bi Digidigi akapita nyumba kwa nyumba akitangaza msiba. Wakaja wake wote wa wapiganaji na watoto wao, na mbele kabisa Bibi Nyani na mabinti zake.

"Pole, mtani! Unamlilia mjomba, au umevimbiwa?"

"Bibi Nyani! Kumbe... kumbe wewe upo?"

"Nipo sana! Wapi ghala?"

Mlango, kwaa! Mtama mpaka darini, na karanga tele. Kina mama wakatazamana, kila mmoja na kikapu chake kitupu.

"Mali yote hii ni ya nani, mtani?" akauliza Bibi Nyani.

Fisi akatoa macho. Akisema ni ya wapiganaji, ameumbuka. Akisema hakuna aliyekufa, atapigwa.

"Ni... ya marehemu. Uwiiiii!" Safari hii alilia machozi ya kweli.

Watoto wakala wakashiba. Kina mama wakajitwika vikapu, wakapanda mlimani, na funguo za ghala akabaki nazo Bibi Nyani.

Bi Digidigi akamkuta mumewe chini ya mwamba, amebaki mifupa. Akamwekea kikapu mbele. Hakukigusa.

"Watoto wamekula?"

"Wamekula."

"Na wewe je?"

"Nimekula uwanjani kwa Fisi, mwenyewe akilia."

Mumewe akacheka, kisha akala. Bi Digidigi alikuwa amemwekea maneno mengi, lakini akakaa tu kumtazama akitafuna. Kabla hajayaanza, wapiganaji wakamwita mumewe, naye akainuka akaenda.

Bi Digidigi akateremka mlima peke yake. Sitawaambia kwamba vita viliisha kesho yake, maana havikuisha. Usiku ule alisema neno jikoni, akageuka, hakukuwa na mtu. Lakini alijua kwamba kule mlimani kuna aliyelala ameshiba.

Wanangu, anayekula cha mpiganaji anampigania adui.