Mtoto Aliyezaliwa Gari Likitolewa Hewa

Hapo zamani, lakini si zamani ile ya sungura na fisi. Zamani hii magari yalikuwepo, na mafundi walikuwa wengi kuliko magari. Sogeeni. Na wewe unayejiona fundi, sogea zaidi, maana hadithi hii itakugusa.

Huko Kyela, kwenye joto la mpunga na kakao, aliishi Mzee Ambilikile. Mzee alikuwa na vitu viwili alivyovishika kwa mikono miwili: gari lake na mila za baba zake. Gari lilikuwa kuukuu. Mila zilikuwa kuukuu zaidi. Na mila mojawapo ilisema hivi: baba mkwe na mkamwana wasionane uso kwa uso, wasikae mahali pamoja, na mkamwana asilitamke jina la baba mkwe wake hata akikanyaga moto. Wengi wameiacha. Mzee hakuiacha. Mkamwana wake, Atuganile, mke wa mwanawe Lusekelo, akisikia kikohozi cha Mzee uani aliingia jikoni. Mzee naye akiona kanga ya Atuganile kwenye kamba aligeuza njia. Wakaishi hivyo kwa heshima na kwa kukimbiana.

Sasa gari likaugua. Kila lilipopanda mlima kwenda soko la Tukuyu, mshale wa joto ulipanda nalo. Mzee akasimama, akafungua boneti, akapepea kwa kofia. Injini haikuwa na joto la ajabu, lakini mshale umesema, na Mzee alikuwa mtu wa kuamini wakubwa. Akapitwa na malori, akapitwa na mama mwenye mkungu wa ndizi kichwani, akafika sokoni watu wanafunga mizigo.

Akaenda kwa Fundi Mwalyego. Fundi Mwalyego hakuuliza huo mshale unaletewa habari na nani. Akafungua, akachomoa thamostati, akaishika juu kama mtu aliyeng'oa jino.

"Mzee, huyu ndiye mchawi wako. Hiki kidude ni cha nchi za theluji. Sisi jua tunalo la bure. Maji yapite tu!"

Akaitupa majanini. Akaunga feni moja kwa moja izunguke kutwa. Mshale bado ukapanda. Fundi hakushindwa: akakata waya wa sensa, ile inayopima joto la maji na kuupelekea mshale habari. Mshale ukalala chini, ukatulia.

"Limepona," akasema Fundi.

"Limepona," akasema Mzee.

Msicheke. Nendeni mkafungue magari yenu kwanza, mtazame kama thamostati imo.

Maisha yakaenda. Bondeni gari lilikuwa zuri. Lakini kule juu, kwenye mvua na ukungu, injini haikupata joto lake hata siku moja. Ikanywa petroli bila kushiba. Na hita, Mzee akiiwasha, ilitoa pumzi ya pango. Mzee alivumilia. Asiyevumilia alikuwa mkewe, Bi. Subilaga, mwenye baridi yabisi ya miguu.

"Baba Lusekelo," akasema, "gari lina moto mbele na barafu miguuni. Ama ulitibu, ama uende sokoni na mke mwingine."

Ng'ambo ya barabara, mbele ya nyumba yao kabisa, palikuwa na gereji ya Fundi Edom, kijana mpole aliyejua kila kitu cha gari isipokuwa kuliendesha. Alijaribu mara moja, akaingia kwenye migomba ya watu, akaapa hatashika usukani tena. Mzee akamsukumia gari.

Edom akaomba sufuria ya maji ya moto kwa Bi. Subilaga, akatumbukiza thamostati mpya. Ikafunguka. Akaitoa, ikapoa, ikajifunga.

"Baba," akasema Edom, "huyu ni bawabu. Injini ikiwa baridi anafunga mlango, ipate moto kwanza. Ikishapata moto anafungua, maji yaende kwenye rejeta yakapoe. Bawabu wako hakuwa na kosa. Aliyekuwa akikudanganya ni sensa, nanyi mkamfukuza bawabu."

Mzee akakohoa. Kule jikoni mlango ukafungwa.

Edom akamwaga maji ya zamani, akafunga bawabu mpya na gasketi mpya, akafunga sensa mpya, akaunga waya, akairudisha feni kwenye utaratibu wake. Akajaza maji. Ikabaki kazi moja tu: kutoa hewa. Mfuniko wa rejeta unaachwa wazi, injini inanguruma, hita imewashwa mpaka mwisho, mapovu yanatoka, maji yanaongezwa, mpaka mapovu yaishe. Ni kazi ya kusimama na kutazama mapovu, na hakuna mteja anayeamini kuwa hiyo ni kazi.

Ndipo Atuganile akashikwa na uchungu. Lusekelo alikuwa safarini. Kliniki walikwisha kumwonya Atuganile kwamba damu yake ni kidogo, asijaribu kuzalia nyumbani, apelekwe hospitali ya huko juu, Tukuyu. Bi. Subilaga akatoka mbio, begi la kujifungulia kwapani.

"Fungeni hilo gari!"

"Mama, bado hewa..."

"Hewa? Mtoto anakuja, wewe unaniambia hewa? Hewa iko kila mahali! Funga!"

Edom akafunga. Wewe ungebishana na Bi. Subilaga?

Haya, nani aendeshe? Edom na migomba mnaijua. Wenye magari wengine wako mashambani. Mzee akautazama ufunguo: akiendesha, atakaa mahali pamoja na mkamwana wake, asipoendesha, atazika. Ikapatikana njia. Kitenge kikatundikwa katikati ya gari, viti vya nyuma vikawa chumba. Kioo cha kati kikageuzwa kitazame dari. Atuganile akaingizwa amefunikwa gubigubi, Bi. Subilaga kando yake, Mzee akiwa ametazama ukuta. Kisha Mzee akaingia mbele, na Edom kando yake na dumu la maji miguuni. Mila imetunzwa. Safari ikaanza.

Wakapanda. Bondeni likabaki joto, juu ikawakuta mvua. Nyuma ya kitenge Atuganile alikuwa akiuma ncha ya kanga yake asipige kelele, maana mkwe yuko mbele. Hapo mimi huwa nakasirika, na leo pia nimekasirika: mwanamke anazaa, naye anaona haya kulia!

Katikati ya mlima, mshale ukapanda. Mzee akauona, akatabasamu.

"Aa, huyu namjua. Huyu mwongo."

"Baba, yule alikuwa wa zamani," Edom akasema. "Huyu ni mpya, hajajifunza uongo bado. Simama!"

Mzee akasimama. Kweli, ile hewa iliyofungiwa ndani ilikuwa imeyazuia maji, na injini ilikuwa inachemka. Edom akashuka kwenye mvua, akangoja ipoe kiasi, akafungua mfuniko kidogo kidogo kwa kitambaa. Akamimina maji polepole. Akaomba injini iwashwe, na hita mpaka mwisho. Pua ya gari ilikuwa imetazama juu, nako hewa hupenda kupanda. Hata gerejini asingepata mteremko mzuri hivyo. Kazi iliyokatishwa bondeni ikaendelea mlimani: mapovu, maji. Mapovu, maji. Edom akawa hawezi kusogea. Akiacha, injini itakufa na wote watabaki pale.

Mtoto hakungoja mapovu yaishe. Akaja. Bi. Subilaga akampokea, akafunga kitovu kwa uzi, akakata kwa wembe. Wa kiume. Lakini hakulia. Alikuwa amelegea, na ubaridi unaingia kila upenyo.

"Baba Lusekelo! Joto! Liko wapi joto?"

Joto liko mbele, kwenye matundu ya hita, upande wa Mzee. Mikono ya Bi. Subilaga ikapita chini ya kitenge na mtoto ndani yake. Mtoto wa mkamwana, damu ya mkamwana haijakauka mwilini mwake. Mzee akaitazama mila, akamtazama mtoto. Akampokea. Akamweka mbele ya tundu la hita, akamsugua mgongo kwa kofia yake, akasugua, akataja mababu wote, na aliowasahau akawaomba radhi. Hita ikapuliza moto, moto wa kweli.

Mtoto akapiga chafya. Kisha akalia.

Nyuma ya kitenge Atuganile naye akalia kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu aolewe. Mzee akaegemea usukani akalia bila haya. Edom huko nje, akisikia gari zima linalia, akadhani injini imekufa, naye akaanza kulia. Lakini mapovu yalikuwa yamekwisha. Wakafika hospitali, mama salama, mtoto salama, mshale katikati.

Hapo ningenyamaza, mkalale. Lakini ukoo ule una desturi: mtoto aliyenusurika hupewa jina na aliyemnusuru. Lusekelo akarudi, akachinja mbuzi, akauliza kwa nia njema kabisa, "Nani alimwokoa mwanangu?" Angejua asingeuliza.

Fundi Mwalyego alikuwepo. Hakualikwa, alifuata harufu. Akasimama.

"Mimi niliwapa gari lisilochemka. Mngeliacha nilivyoliacha, lingepanda moja kwa moja, na mtoto angezaliwa kitandani mbele ya wauguzi. Tena, nisingetoa thamostati, gari lingekuwa gerejini siku ile, hatua mbili kutoka nyumbani? Lingekuwa sokoni! Bila mimi, mtoto yuko wapi? Aitwe Mwalyego."

Watu wakaguna, maana walitaka kumcheka na wakakosa pa kuanzia.

Edom akasimama. "Kaka, gari lako lingepanda, na kama mtoto angekuja njiani, angekuta pumzi ya pango. Joto lililomwamsha lililetwa na bawabu wangu. Mshale uliotusimamisha kabla injini haijaungua ni wa sensa yangu. Na mvua ilinipiga mimi. Bila mimi, mtoto yuko wapi? Aitwe Edom."

"Na nani alifunga mfuniko na hewa imo?" akauliza Mwalyego.

"Mkono ulikuwa wangu," akasema Edom. "Amri haikuwa yangu."

Macho yote kwa Bi. Subilaga. Unadhani aliinamisha kichwa?

"Amri ilikuwa yangu, na ningeitoa tena. Mngetazama mapovu yenu, mkwe wangu angezalia gerejini kati ya makopo ya oili, na hospitali angeisikia redioni. Mikono iliyompokea ni hii. Bila mimi, mtoto yuko wapi? Aitwe Ipyana, jina la marehemu kaka yangu."

Mzee Ambilikile akasimama mwisho, kofia mkononi. "Ninyi mmetoa kazi zenu. Mimi nimetoa mila za baba zangu. Niliyemkimbia miaka yote, nimeshika damu yake kwa mikono yangu. Mtu akishatoa hicho, atoe nini tena? Bila mimi, mtoto yuko wapi? Aitwe Ambilikile."

Maneno ya Mzee yalikuwa mazito, nami mwenyewe yalinigusa. Ila mila ile aliyoivunja mlimani alikwisha kuiokota walipofika bondeni. Atuganile hata sasa alikuwa nyuma ya mlango. Kutoka huko akamnong'oneza mama mkwe wake, na mama mkwe, kwa shingo upande, akayasema kwa sauti:

"Anasema hivi. Akiitwa Edom, watu watahesabu miezi na kumtazama jirani. Akiitwa Mwalyego, atakuwa anamwita mwanawe kwa jina la mkata waya. Ipyana, anasema... basi, kaka yangu alikuwa na mambo yake. Na akiitwa lile jingine, ambalo hawezi kulitaja, yeye mama yake atamwitaje? Atampigia makofi, kama anavyofukuza kuku? Anasema bila yeye mtoto asingekuwepo wa kuokolewa. Anataka jina analoweza kulipaza."

Wote wakatikisa vichwa, wakasema mwanamke amesema kweli. Kisha wakarudi kugombana.

Na wanagombana mpaka leo. Mtoto amekuwa mkubwa, anatambaa. Kila mmoja anamwita jina lake, naye haitiki hata moja. Na sasa hivi, wao wakibishana uani, amekwisha kuvuka kizingiti, anaelekea barabarani, na lori la ndizi linashuka. Atuganile ameona. Amefungua kinywa.

Haya, semeni, tena upesi: nani kati yao alistahili kumpa mtoto jina, na mama yake amwite nani?