Farasi Asiyeamkiwa

Hadithi inabisha hodi!

Mjibu basi: Iingie, ikae, inywe maji!

Mbona sauti chache hivyo? Nyie wa nyuma mmeshiba sana. Tena: hadithi inabisha hodi! Haya, sasa imeingia.

Hapo zamani, zamani za kale, mawe yalipokuwa bado laini, palikuwa na chemchemi katikati ya vilima. Wanyama wote walikunywa hapo, nao walikuwa na desturi moja: anayefika huamkia, anayeamkiwa huitikia, ndipo wote hunywa.

Siku moja, ukungu ukiwa umelala juu ya majani, akatokea Farasi. Alitoka mbali, hakuna aliyejua wapi, na miguuni alivaa chuma. Hakubisha hodi. Aliizungushia chemchemi ua wa miiba, akawaweka Mbwa Mwitu mlangoni, akasema maji ni yake. Anayetaka kunywa amletee majani yaliyokatwa, apige magoti, aseme, "Shikamoo, Mkubwa."

Wakakata majani. Wakapiga magoti. Wakaamkia. Farasi hakuitikia hata siku moja, alikoroma tu. Na kila alipoamkiwa, kivuli chake kilirefuka. Kikafunika kilima cha kwanza, kikafunika cha pili, kikafunika cha tatu, hata asubuhi ikawa inachelewa kufika.

Bi Pimbi, mdogo kama sungura, aliishi kwenye majabali ya kilima cha tatu. Kitindamimba wake alishikwa na homa kwa kukosa jua. Bi Pimbi alimtazama akitetemeka kivulini, moyo ukamuuma, hasira ikampanda. Akawaita wenzake.

Nyati akataka wampige Farasi pembe, udhia uishe. Bi Pimbi akakataa. Damu ikimwagika pale, alisema, nani ataweza kuyanywa maji yale tena?

"Nani kati yenu amewahi kusikia marahaba yake?" akawauliza. "Mimi sijaisikia. Anakula shikamoo zetu bure. Basi tusimwamkie. Tusimkatie majani. Na maji yake tusiyanywe."

Wakakubaliana. Wangelamba umande.

Siku ya kwanza hakwenda mtu. Farasi akacheka. Njaa ilipomshika akataka kula majani ya chini, lakini shingo yake ilikuwa imesahau kuinama. Kivuli kikarudi nyuma kilima kimoja, na kitindamimba akaota jua.

Siku ya pili Mbwa Mwitu walitumwa kuuma. Wakamng'ata Nyati sikio, wakamwangusha Swala. Hakuna aliyerudisha pigo, Nyati alisimama akilia kwa kujizuia. Lakini Mzee Kobe, mwenye adabu zake tangu utotoni, alikuwa akisinzia Farasi alipopita, mdomo ukamponyoka: "Shikamoo." Kivuli kikaruka kilima kizima. Maskini Kobe, aliona haya mpaka akaingia gambani. Hakuna aliyemkaripia. Alipochungulia tena, alikuwa amejaza majani mdomoni.

Jioni hiyo Mbwa Mwitu walirudi kwao, wakawaamkia mama zao. Mama zao, kwa aibu ya kazi ile, wakageuza nyuso wasiitikie. Kesho yake hakuna mbwa aliyekwenda kazini.

Siku ya tatu umande ulikuwa haba. Kitindamimba hakuinua kichwa. Farasi akapanda mwenyewe mpaka jabalini, kibuyu cha maji kikining'inia shingoni mwake.

"Niamkie mara moja tu," akasema, "mwanao anywe. Wenzako hawasikii."

Ee, ndugu zangu! Bi Pimbi aliyasikia maji yale yakicheza ndani ya kibuyu. Mdomo ukafunguka. Kisha akafikiria asubuhi zote ambazo mwanawe angeamkia asiitikiwe. Akaufumba. Machozi yakamdondoka, na mtoto akayalamba.

Farasi akangoja. Upepo haukupita, ndege hawakulia. Alipotazama chini, kivuli chake kilikuwa kimebaki kadiri ya jani moja chini ya kwato. Akaogopa, maana hakujua kama bado yupo. Shingo yake ikaanza kuinama, taratibu, ikilia kama mlango mkuukuu, mpaka macho yake yakawa sawa na ya Bi Pimbi.

"Hamjambo?" akauliza kwa sauti ndogo.

Bi Pimbi akashusha pumzi. Adabu yake hakuitupa. "Hatujambo," akaitikia. "Na kwetu mgeni hubisha hodi."

Farasi akaweka kibuyu chini, mtoto akanywa. Kisha akashuka, akaung'oa ua wa miiba kwa meno yake mwenyewe, akasimama kando ya chemchemi, akasema hodi. Wakamkaribisha. Akanywa wa mwisho. Kesho yake akaaga, akarudi alikotoka, nao wakamwitikia wote, hata Kobe, ila yeye alitema majani kwanza.

Nanyi mlionisikiliza, shikeni hili: anayewaonea hukua kwa kile mnachompelekea kila asubuhi. Acheni kumpelekea, nyote pamoja, bila kumwaga damu, na atainama awaone.

Hadithi imekunywa maji yake, inaaga.

Mjibu: Iende salama, njia nyeupe!